Biskuti za Mbwa na Ini la Binadamu

Mama mmoja mfugaji, mwenye umri wa miaka 50 na ushei, alilazwa katika wodi yetu ya upasuaji akiwa na uvimbe upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Alikuwa ameuzoea. Alisema ulikuwa ukikua polepole kwa miaka mingi, bila homa wala maumivu makali, hadi ulipoanza kumzuia kuinama wakati wa kukamua ng'ombe. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha kifuko kikubwa cha maji ndani ya ini, na ndani yake vifuko vingine vidogo vidogo. Tulimwanzishia dawa ya albendazoli, kisha tukamfanyia upasuaji, na kwa rehema za Mungu akapona.

Siku ya kumruhusu kurudi nyumbani nilikaa kando ya kitanda chake ili nimpe mawaidha ambayo nimeyatoa mara nyingi. Nilimweleza kwamba ugonjwa wake ulitokana na tegu anayeishi katika utumbo wa mbwa, na kwamba mbwa humpata tegu huyo kwa kula ini na mapafu mabichi ya mifugo. Nikamwambia asiwape tena mbwa wake nyama za ndani zikiwa mbichi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Nimekuelewa, daktari. Sasa mbwa nimpe nini?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilisema jambo fulani kuhusu makombo ya mezani, naye akatabasamu kwa heshima, kwa kuwa sote wawili tulijua kwamba katika nyumba nyingi makombo hayabaki. Mbwa wake watatu ndio walinzi wa zizi. Hawezi kukaa bila wao, wala hawezi kuwaacha na njaa. Nilikuwa nimemkataza jambo bila kumpa badala yake.

Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Yanahusu jiko zaidi kuliko chumba cha upasuaji: namna ya kumwandalia mbwa biskuti na kitoweo cha nyumbani kwa vitu vinavyopatikana kwetu, ili asidhurike, na wala asiwadhuru wanaoishi naye. Nimeyaandika kwa ajili ya wagonjwa wetu na kwa ajili ya wahudumu wa afya wenzangu, ambao kila siku tunawakataza watu mambo na kusahau kuwaeleza la kufanya.

Cha mbwa ni kipi?

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, neno "cha mbwa" humaanisha kile ambacho binadamu amekikataa. Ini lililokutwa na malengelenge siku ya kuchinja hutupiwa mbwa. Unga uliopata ukungu hauliwi na watoto, bali hupikwa ugali wa mbwa. Pumba zinazobaki baada ya kukoboa mahindi nazo ni za mbwa. Hatufanyi hivyo kwa ukatili. Ni desturi ya kutotupa kitu, na kwa mambo mengi desturi hiyo ni njema.

Tatizo ni kwamba hatari haiishii tumboni mwa mbwa. Katika mifano miwili nitakayoieleza, ya ini bichi na ya unga wenye ukungu, kile tunachokikataa kwa mlango wa mbele hurudi kwetu kwa mlango wa nyuma, au hutupa onyo ambalo hatulisikii. Tena hatari hizi mbili hazina tabia moja. Ya kwanza huuawa na moto. Ya pili haisikii moto hata kidogo. Anayeoka biskuti za mbwa hana budi kuzijua zote mbili.

Ini bichi na safari ya tegu

Tegu ninayemzungumzia ni mdogo mno. Urefu wake ni baina ya milimita 2 na 7, na mbwa mmoja aweza kuwa na maelfu ya tegu hao utumboni bila kukonda wala kuonyesha dalili yoyote. Mayai yake hutoka na kinyesi cha mbwa, yakasambaa kwenye majani, kwenye maji na kwenye udongo, na mengine yakanasa katika manyoya ya mbwa mwenyewe. Kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia anapokula majani hayo, mayai huanguliwa tumboni mwake, na viluwiluwi vyake hupenya hadi katika ini au mapafu na kujenga vifuko vya maji. Mnyama akichinjwa, na ini lake likatupiwa mbwa likiwa bichi, mzunguko umekamilika.

Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa bahati mbaya. Mtoto hucheza na mbwa, akamshika manyoya, kisha akala bila kunawa. Mama huchuma mboga karibu na mahali mbwa walipojisaidia. Yai likimezwa, hufuata mkondo uleule linaoufuata katika kondoo. Vifuko vingi huwa katika ini, vinavyofuatia huwa katika mapafu, na vichache hupatikana katika ubongo, mifupa na viungo vingine. Kwa kuwa hukua polepole, mtu aweza kuambukizwa akiwa mtoto na kuugua akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Ugonjwa huu huitwa haidatidi. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ni miongoni mwa sehemu zilizowahi kuonekana na wagonjwa wengi zaidi duniani, na katika jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania nao upo.

Matibabu yapo, lakini si mepesi. Vifuko vingine hutibiwa kwa albendazoli peke yake, vingine hunyonywa kwa sindano chini ya uangalizi wa ultrasaundi, vingine huhitaji upasuaji, na vingine vilivyokwisha kufa huachwa vikiangaliwa tu. Kifuko kikipasuka tumboni, mgonjwa aweza kupata mshtuko mkali wa mzio na kufariki dunia, au mbegu za tegu zikatawanyika na kuota vifuko vipya. Kwa sababu hiyo muuguzi au tabibu akutanaye na uvimbe wa namna hii kwa mfugaji asiuchome sindano ili kuona kilichomo. Ampeleke kwanza kwenye ultrasaundi.

Kinga, kinyume chake, ni nyepesi. Ini, mapafu na wengu vikichemshwa kwa muda wa dakika 30 hadi 40, tangu maji yaanze kutokota, mbegu zote za tegu hufa. Nyama hiyohiyo iliyokuwa chanzo cha ugonjwa hugeuka kuwa chakula safi chenye protini na madini ya chuma. Hata hivyo kiungo chenye malengelenge yaliyo wazi ni bora kichomwe kabisa au kifukiwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Vilevile, mbwa wafungwe au wazuiwe wakati wa kuchinja, kwa sababu kipande kimoja kilichonyakuliwa kabla ya sufuria kubandikwa chatosha kubatilisha kazi yote.

Ipo nchi iliyowahi kuonyesha kwamba elimu ya namna hii huzaa matunda, ingawa ni ya baridi na iko mbali sana na kwetu. Mwaka 1863 mtaalamu kutoka Denmark, Harald Krabbe, alikwenda Aislandi, ambako haidatidi ilikuwa imeenea mno. Aliwapasua mbwa 100 waliokufa na kuwakuta 28 wakiwa na tegu huyu. Mwaka uliofuata kijitabu chake kilichapishwa kwa lugha ya wenyeji na kugawiwa majumbani. Kilieleza kwa maneno ya kawaida kwamba mbwa wasipewe vifuko vile. Wakati huo dawa tulizonazo leo hazikuwapo. Pamoja na sheria zilizofuata na mabadiliko katika namna ya kuchinja kondoo, ugonjwa ulipungua kizazi baada ya kizazi hadi ukatoweka. Kila ninapoandika katika jarida hili hukikumbuka kijitabu kile, maana kilikuwa kazi ya namna hiihii: kuwaeleza watu, kwa lugha yao, jambo wanaloweza kulifanya wenyewe nyumbani.

Unga wenye ukungu

Mfano wa pili ulinipata nyumbani kwangu. Binti yangu, mwenye umri wa miaka 12, alitaka kumwokea mbwa wetu biskuti. Nilipoingia jikoni nilikuta amekwisha kukanda unga. Nikamuuliza ameutoa wapi, akanijibu, "Ni ule wa kwenye ndoo, baba. Mama alisema umeharibika, tusiupike sisi. Nikaona utamfaa mbwa." Hakuwa amekosa adabu wala akili. Alikuwa amefuata tulivyomfundisha kwa vitendo, kwamba kilichoharibika ni cha mbwa. Nilimsaidia kuumwaga unga ule shimoni, tukaanza upya.

Ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huweza kuzalisha sumukuvu. Sumu hii huharibu ini. Ikiingia kwa wingi huua kwa siku chache, na ikiingia kidogo kidogo kwa miaka huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Tumeionja athari yake. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hususan Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 kati yao walifariki dunia baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania, waliugua watu 68 na kufa 20.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi kwa sumu hii. Katika mkasa uliotokea magharibi mwa India mwaka 1974, familia zilizokula mahindi yenye ukungu ziliugua manjano na kujaa maji tumboni, na mbwa wa nyumba hizo, waliokula chakula kilekile, waliugua nao. Kwa hiyo mhudumu wa afya anayepokea wagonjwa wawili au watatu wa manjano kutoka kaya moja asione aibu kuuliza habari za mbwa. Swali la kwamba mbwa wa nyumbani naye amekataa chakula, amekuwa na macho ya njano au amekufa ghafla laweza kumwelekeza kwenye gunia la mahindi kabla watu wengine hawajaugua.

Yapo mambo mawili ambayo mwokaji wa biskuti hana budi kuyashika. La kwanza, sumukuvu haiondoki kwa kupikwa. Kuchemsha, kuoka na kukaanga kunaua ukungu, lakini sumu iliyokwisha kuzalishwa hubaki. La pili, mahindi yanapokobolewa, sehemu kubwa ya sumu huondoka pamoja na pumba na kiini. Hilo ni jema kwa anayekula sembe, bali ni baya kwa mbwa anayepikiwa ugali wa pumba kila siku. Ikiwa pumba ndicho chakula pekee kilichopo, zitoke katika mahindi makavu, yaliyochambuliwa, yasiyo na punje zilizobadilika rangi. Mahali mtama au ulezi unapopatikana, ni bora kuutumia kwa biskuti, kwa sababu kwa kawaida nafaka hizi hazishambuliwi na sumukuvu kwa kiwango cha mahindi na karanga, ingawa nazo zahitaji kukaushwa na kuhifadhiwa vyema.

Vitu vya jikoni visivyomfaa mbwa

Kabla ya kukanda unga, ni muhimu kujua yasiyofaa kuingia ndani yake. Mwili wa mbwa haushughulikii chakula kama mwili wetu, na baadhi ya vitu tunavyovila kila siku kwake ni sumu.

Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembe nyekundu za damu yake na kumletea upungufu wa damu. Kwa sababu hii mchuzi uliobaki si kitoweo salama, hata kama nyama yake ni nzuri. Chokoleti na kakao zina kemikali inayousumbua moyo na mishipa ya fahamu ya mbwa, na kadiri chokoleti inavyokuwa nyeusi ndivyo hatari inavyozidi. Zabibu, mbichi au kavu, huweza kuziua figo zake. Makadamia, ambazo hulimwa kwa wingi nchini Kenya, humfanya alegee miguu na kutetemeka. Unga mbichi wenye hamira huendelea kuumuka tumboni mwake na kutoa pombe. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha kali vinavyoweza kutoboa utumbo.

Kwa wagonjwa wa kisukari nina neno la ziada. Baadhi ya chingamu, peremende na siagi za karanga zinazouzwa kuwa hazina sukari zimetiwa utamu uitwao zailitoli. Kwa binadamu haina madhara makubwa. Kwa mbwa, hata kiasi kidogo hushusha sukari ya damu ghafla, mara nyingi ndani ya saa moja, na kiasi kikubwa zaidi huua ini. Kwa hiyo soma maandishi ya kwenye kopo kabla ya kuchota. Vivyo hivyo, vidonge vya paracetamoli na vya kutuliza maumivu vilivyo katika kabati la dawa si vya mbwa, hata akichechemea. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Namna ya kuoka

Biskuti tulizooka nyumbani siku ile, baada ya kumwaga unga mbovu, zilikuwa hivi. Tulichukua vikombe 2 vya unga wa mtama, kikombe 1 cha viazi vitamu vilivyochemshwa na kupondwa, yai 1, na vijiko 4 vya chakula vya unga wa dagaa. Hatukutia chumvi, sukari, mafuta wala kiungo chochote. Penye ulezi badala ya mtama, au boga badala ya kiazi, matokeo ni mazuri vilevile. Viazi lishe, vile vya rangi ya machungwa, vina faida zaidi ya vitamini A.

Dagaa wahitaji uangalifu. Wale waliochemshwa kwa chumvi, kama wauzwavyo wengi wa baharini, hawafai mpaka waroweshwe na kumwaga maji mara kadhaa. Wale wa maji baridi waliokaushwa juani bila chumvi wanafaa, lakini kwa kuwa mara nyingi huanikwa chini, waoshwe mchanga, wakaushwe tena kikaangoni bila mafuta, kisha watwangwe hadi wawe unga laini. Asiye na dagaa aweza kutumia ini lililochemshwa kwa muda niliokwisha kuutaja, likapondwa, kiasi cha nusu kikombe. Lisizidi hapo, kwa kuwa ini lina vitamini A nyingi ambayo ikizidi kila siku humdhuru mbwa.

Changanya vyote, ongeza maji kidogo kidogo, na ukande mpaka upate donge gumu lisiloshika mikononi. Sukuma kama chapati, unene wa nusu sentimita, kisha kata vipande vidogo vipatavyo 60. Mwenye oveni aoke katika nyuzijoto 170 hadi 180 za Selsiasi kwa dakika 30 au zaidi kidogo, mpaka vikauke na kugonga kama kigae. Asiye na oveni atumie sufuria pana yenye mfuniko, makaa machache chini na mengine juu ya mfuniko, kama tunavyooka mikate yetu ya nyumbani, akigeuza vipande mara moja. Baada ya kuoka, viache vipoe na kukauka kabisa kabla ya kuvifunga. Biskuti iliyofungwa ingali na joto hutoa unyevu, na unyevu huleta ukungu tuliokuwa tukiukimbia. Katika kopo kavu lenye mfuniko zitakaa wiki moja. Ukiona doa la ukungu kwenye moja, mwaga zote.

Kiasi nacho ni sehemu ya afya. Biskuti ni kitoweo, si mlo. Kanuni inayofuatwa na madaktari wa mifugo ni kwamba vitafunio visizidi asilimia 10 ya nishati anayoihitaji mbwa kwa siku. Mbwa mzima wa kilo 15, ambaye ni wa kadiri ya mbwa wetu wengi wa kienyeji, huhitaji takriban kilokalori 850. Kila biskuti katika hizi ina karibu kilokalori 20, kwa hiyo 4 kwa siku zamtosha. Mbwa wa mjini anayeshinda amefungwa hunenepa kama tunenepavyo sisi, na viungo vyake huumia vilevile.

Tumia bakuli na kibao vilivyotengwa kwa ajili ya mbwa. Kwa wasomaji wetu Waislamu, ambao wengi wao huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi, kutenga vyombo ni jambo lililozoeleka, na kitabibu nalo ni jambo jema kwa kila nyumba. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kupika, na baada ya kumlisha au kumshika mbwa. Wenye kinga dhaifu, kama wagonjwa wanaotumia dawa za saratani, wasishike nyama mbichi ya mbwa. Kazi hiyo ifanywe na mwingine.

Biskuti ya kumshikia mbwa

Lipo jambo moja zaidi lililonifanya nizipende biskuti hizi, nalo ni la chanjo. Inakadiriwa kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza, hatuna tiba. Tulicho nacho ni kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kumwahisha aliyeumwa kupata chanjo bila kungoja, na kuwachanja mbwa wenyewe. Mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Waliowahi kusimamia siku ya chanjo kijijini wanajua kwamba kikwazo mara nyingi si dawa, bali ni mbwa asiyekubali kushikwa. Anayeletwa kwa kamba huwa ni mtoto, mbwa hajawahi kuvishwa ukanda shingoni, naye hugeuka kuuma au kukimbia. Mbwa aliyezoeshwa majuma mawili au matatu kwa biskuti, kwanza kuja akiitwa, kisha kukaa, kisha kuguswa shingo na mgongo, hushikika. Mtoto atoe biskuti juu ya kiganja kilicho wazi, mbele ya mtu mzima, na asimsogelee mbwa akiwa anakula bakulini au ananyonyesha.

Donge hilohilo la biskuti, kabla halijaokwa, lafaa kufichia dawa ya tegu iitwayo prazikwanteli, ambayo ni chungu na mbwa wengi huitema. Tenga kipande kidogo cha donge, ukipike kwa mvuke mpaka kiive, na kikiwa kingali laini uchomeke kidonge ndani. Kipimo cha dawa kitolewe na afisa mifugo kulingana na uzito. Katika maeneo yenye haidatidi hushauriwa mbwa wapewe dawa hiyo angalau mara 4 kwa mwaka. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba dawa huwaua tegu lakini haiui mayai. Kwa hiyo mbwa afungwe kwa siku 2 baada ya kuimeza, na kinyesi chake kichomwe au kifukiwe, mbali na bustani na chanzo cha maji.

Kwa wahudumu wenzangu

Wengi wetu tulifundishwa kuuliza kuhusu mifugo mgonjwa anapokuja na homa au uvimbe. Naomba tuongeze maswali mawili mafupi: mbwa wa nyumbani anakula nini, na mara ya mwisho alipata chanjo na dawa ya tegu lini? Majibu yake huchukua dakika moja, na mara nyingi hufungua mazungumzo ambayo mgonjwa hakuyatarajia kwa daktari wa binadamu. Kisha, tunapomkataza mtu jambo, tumweleze la kufanya badala yake, kwa vitu alivyo navyo.

Mama yule alirudi kliniki baada ya miezi 6 kwa ajili ya uchunguzi. Kovu lake lilikuwa limepona vizuri, na ultrasaundi haikuonyesha kifuko kipya. Nilimwamkia, akaitikia, kisha kabla hajaketi nikamwambia kwamba sasa ninalo jibu la swali lake. Nilimweleza habari ya kuchemsha ini, ya mtama na dagaa, na ya makaa juu ya mfuniko. Akacheka. Akaniambia kwamba biskuti atawaachia wajukuu wafanye, kwa kuwa hao ndio wenye muda na ndio wanaocheza na mbwa. Lakini la kuchemsha alikwisha kulianza tangu aliporudi nyumbani. Alikuwa ametenga sufuria kuukuu, ameipachika kwenye mti karibu na mahali wanapochinjia, na amepiga marufuku mtu yeyote kumtupia mbwa kitu kabla sufuria hiyo haijatokota.

Aliniuliza tena swali moja: je, jirani zake, ambao mbwa wao huingia katika boma lake, nao atawaambiaje? Nilimpa nakala mbili za jarida letu, nikamwahidi kwamba toleo linalokuja litakuwa na maelezo haya.